Nilimsingizia bwana nyuki wa Mpanda, kumbe cookie ya programu yangu ilikataa kufa

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa mjini na wa porini.

Hii kitu nimeibeba zaidi ya miaka ishirini, leo naitua hapa jukwaani. Wale wazee wa kuuliza "hii chai ina sukari?" mkidhani kila kisa ni cha kubuni, mniwie radhi, humu hakuna hata maji ya moto. Ni jambo lililonikuta mwenyewe, na mwisho wake mimi ndiye niliyekosea. Majina tu nimebadilisha.

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini. Mkoa wa Katavi haupo bado, Mpanda ni wilaya ya Rukwa, na mtu akikwambia anakwenda Dar mnamuaga kama anakwenda vitani.

Mimi ni binti wa Kisukuma, wazazi walihamia huku na ng'ombe wao. Niiteni Kabula. Nilisoma diploma ya kompyuta Dar, nikarudi nyumbani, na shangazi yangu akaniuliza mbele za watu, "Sasa hiyo kompyuta inakamuliwa?" Nyumba nzima wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Nikapata kazi kwenye mradi mmoja wa misitu, ofisi iko Kawajense.

Ofisi nzima kompyuta moja. Kuukuu, ya DOS, ule mfumo wa kizamani wa kuandika amri, skrini nyeusi. Simu moja. Ukitaka intaneti, modem inapiga simu mpaka Dar, inalia kama mbuzi aliyekabwa, na ukibahatika mstari unakaa dakika kumi kabla haujakatika. Browser za kawaida, yaani programu za kufungulia tovuti, kwenye ile mashine zilikuwa ndoto.

Basi nikaandika ya kwangu!

Miezi minne, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, nikaipa jina Tarishi. Inapiga simu, inaingia kwenye tovuti ya barua pepe, inashusha barua kama maandishi matupu, inakata. Siku ilipofanya kazi mara ya kwanza nilitoka nje nikazunguka jengo mara mbili, sijui hata nilikuwa natafuta nini. Furaha ile wakuu, mtu aliyeandika programu yake ikakubali anaielewa.

Bosi akafurahi mpaka akatangaza kwamba kila Alhamisi watu wa nje nao waje kusoma barua zao. Walimu, wauguzi, watumishi wa dini, wote wakaja.

Sasa ngoja niwaeleze cookie kidogo, maana bila hiyo hamtanielewa.

Ukiingia kwenye tovuti kwa password, seva, yaani kompyuta ya hiyo tovuti, inakupa kikaratasi. Hicho ndicho cookie. Kila ukiomba ukurasa mwingine, programu yako inaonyesha kile kikaratasi na seva inasema, "Aa, huyu namjua, pita." Kikaratasi kina tarehe ya mwisho. Ikipita, programu inatakiwa ikitupe.

Na ukibonyeza kutoka, yaani kufunga akaunti yako, je? Ile tovuti yetu ilikuwa na ujanja wake. Ilileta kikaratasi kilekile, ila kimeandikwa tarehe ya mwisho ya zamani, Januari 1990. Maana yake: hiki kimeshakufa, kitupe. Yenyewe haikufuta chochote upande wake. Iliiachia programu kazi ya kuzika.

Mimi nikaandika Tarishi ifanye hivyo. Inalinganisha tarehe ya cookie na tarehe ya kompyuta. Ikiwa imepita, inafuta. Mistari mitano tu ya code. Nilijivunia sana ile mistari mitano.

Twende kwenye tukio.

Alhamisi moja bosi alinituma Ikola, kule ziwani, kuna mambo ya mradi. Nikaondoka alfajiri. Kompyuta akaiwasha bosi mwenyewe.

Siku hiyo wa kwanza kuja akawa Veronika, muuguzi, mama Mfipa mpole anayeishi Nsemulwa na mumewe, Mwalimu Dismas, na watoto watatu. Veronika alikuwa ameomba nafasi ya kusomea ukunga Zambia, mwaka mmoja na nusu. Hakumwambia mtu. Hata mumewe hakumwambia.

Akafungua barua yake. Amekubaliwa!

Akaihifadhi kwenye floppy, ile diski ya kubeba mkononi, akabonyeza kutoka kama nilivyomfundisha, akaondoka anatembea hewani.

Baada yake akakaa Leonard, bwana nyuki wetu pale mradini. Mtu wa mizinga, mtu wa watu, mdomo mwepesi lakini moyo safi. Akafungua Tarishi asome barua zake. Badala ya kuulizwa password, ikamfungukia barua: "Mpendwa Veronika, tunayo furaha kukujulisha..."

Leonard akadhani ni tangazo la ofisi. Akasoma mistari miwili, akafunga, mstari wa simu ukafa mpaka jioni, naye akaenda zake.

Jioni akakutana na Mwalimu Dismas sokoni.

"Mwalimu, hongera bwana! Mama anakwenda Zambia!"

Jamani.

Kesho yake Ijumaa nimerudi toka Ikola, hata vumbi sijafuta, Mwalimu Dismas kaingia ofisini. Mtu mrefu, kimya siku zote. Siku hiyo hata hodi hakupiga.

"Wewe binti, siri ya nyumba yangu naisikia sokoni? Kwa mtu wa nyuki?"

"Mwalimu shikamoo, kwani kuna..."

"Usiniamkie! Mnasoma barua za wake za watu humu ndani, halafu mnajiita mradi!"

Bosi akatoka ofisini kwake. Leonard akaitwa. Akasema jambo moja tu na hakulibadilisha: "Mimi nilifungua, ikaja yenyewe. Sikuandika password ya mtu."

Bosi akanigeukia. "Kabula, inawezekana ikaja yenyewe?"

Nikasema twende tujaribu. Nikawasha mashine, nikafanya maandalizi yangu ya kila asubuhi, nikaingia kwa akaunti yangu, nikatoka. Nikafungua tena mbele yao wote. Tarishi ikauliza password. Nikarudia mara tatu. Mara tatu ikauliza password, mstari wa simu ulikuwa mzuri siku hiyo kama umetumwa.

Hapo ndipo nilipofanya dhambi yangu wakuu.

Nilijawa na kiburi cha kazi yangu. Nikasema, na sauti yangu bado naisikia, "Mzee, programu haiwezi. Labda kaka Leonard alimchungulia wakati anaandika."

Leonard aliniangalia. Akavaa kofia yake akatoka.

Bosi akamsimamisha kazi mpaka Jumatano, siku ambayo mkuu wa mradi angekuja kuamua. Huduma ya Alhamisi ikafungwa. Na kule Nsemulwa, Mwalimu Dismas alikuwa ameshahamia kulala kwa kaka yake.

Jumatatu Veronika akaja. Macho yamevimba. Akaweka floppy mezani.

"Mdogo wangu, nisaidie niipate hii barua kwenye karatasi. Nataka nimpe asome mwenyewe, maana anadhani nimeficha na mengine."

"Dada, pole sana. Leonard alikuwa amesimama karibu wakati unaandika password?"

Akafikiri. "Leonard? Hapana. Mimi naondoka ndiyo namkuta mlangoni anaingia. Wala hakuwepo."

Kama hakuwepo, alichungulia nini?

Nikaingiza floppy, nikaandika DIR nione jina la faili.

Nikaona tarehe.

01-01-80.

Wakuu, nilisimama mpaka kiti kikaanguka! Veronika akaruka, akadhani nimeumwa na nyoka.

Ngoja niwaambie kwa nini. Ile kompyuta betri ya saa ilikuwa imekufa zamani. Kila jenereta ikizimwa, mashine inasahau siku, inaamka ikiamini ni tarehe mosi Januari 1980. Mimi nilishazoea. Kila asubuhi nikiwasha, kabla ya chochote, naandika tarehe kwa mkono. Ndiyo yale maandalizi yangu. Nilikuwa nafanya bila kufikiri, kama unavyofunga kanga. Na kwa kuwa ni jambo dogo, sikumwambia mtu hata mmoja.

Alhamisi ile bosi ndiye aliwasha. Bosi hajui habari za tarehe.

Kwa hiyo siku nzima mashine inaamini tuko 1980.

Sasa Veronika anabonyeza kutoka. Seva inaleta cookie iliyokufa, tarehe ya mwisho Januari 1990. Tarishi inaangalia saa ya mashine: leo ni 1980. Inapiga hesabu. Mbona hii bado ina miaka kumi ya kuishi? Inaitunza vizuri kabisa! Anakuja Leonard, Tarishi inatoa kikaratasi cha Veronika, seva inasema karibu Veronika.

Ikaja yenyewe. Kama alivyosema.

Nikazima kompyuta, nikawasha upya. Safari hii sikugusa tarehe. Nikaingia kwa akaunti yangu, nikatoka, nikafungua tena.

"Karibu Kabula."

Nikapiga kelele mpaka bosi akatoka na kalamu mkononi. Nikamwonyesha. Hakuamini. Nikamwambia mzee ingia wewe kwa akaunti yako, utoke, uniachie kiti. Akafanya. Nikakaa, nikafungua, nikamsomea barua ya mdogo wake wa Sumbawanga inayoanza "Kaka, lile jambo la shamba..."

"Basi, basi! Funga!" Bosi kapigwa na jasho.

Nimewahi kufurahi kazini, lakini ile ilikuwa ya aina yake. Nimelikamata! Lile lidudu limejificha kwenye mistari mitano niliyojivunia, na mimi nimelishika mkia! Nilikuwa nacheka na machozi yanatoka.

Veronika akaomba mumewe aitwe aone. Akaja, mikono nyuma. Nikarudia yote taratibu, nikamwonyesha na faili la mke wake lenye tarehe ya 1980. Mwalimu wa hesabu yule, alielewa haraka kuliko bosi.

Kisha akamgeukia mkewe, sisi wengine kama hatupo.

"Haya. Mashine imemwambia bwana nyuki. Wewe ungeniambia lini?"

Veronika akasema, "Nilikuwa naogopa utasema hapana kabla sijajua kama nimekubaliwa. Nikasema nikikubaliwa ndiyo niseme. Jioni ileile nilikuwa nimechinja kuku, nikwambie tukiwa mezani."

"Nilimwona," akasema mwalimu. "Yule kuku nilimwona nikaondoka."

Wakatoka pamoja. Walichoongea njiani sikijui wala sikukiuliza. Ninachojua ni kwamba miezi miwili baadaye Veronika alipanda treni na sanduku jipya, na Mwalimu Dismas alikuwa akionekana asubuhi anawapeleka wale watoto watatu shule, mdogo kambeba begani. Mwaka mmoja na nusu ulipoisha, Veronika alirudi mkunga kamili.

Kuhusu Tarishi, niliirekebisha siku mbili bila kupumzika. Kila seva ikijibu, jibu lake linakuja na tarehe na saa ya kwake. Nilikuwa naitupa siku zote kama ganda la muhogo. Sasa nikaifanya Tarishi isome ile tarehe, ipate tofauti kati ya saa ya seva na saa ya mashine, halafu kila cookie iihukumu kwa saa ya seva. Mashine ikisema 1980, haya, iseme. Hakuna anayeisikiliza. Nikaijaribu kwa mwaka 1980, kwa 2015, kwa kila mwaka niliofikiria. Kila nikitoka, nimetoka kweli!

Lakini kulikuwa na deni moja ambalo halirekebishwi kwa code.

Jumatatu ileile jioni nilikwenda kwa Leonard. Nikamkuta uani anashona wavu wa kofia ya kurinia asali. Nikapiga magoti, nikamwambia kila kitu. Betri, 1980, mistari yangu mitano. Nikamwambia kaka nisamehe, nilikusingizia.

Alishona mpaka akamaliza ule uzi.

"Nimekusamehe, dada Kabula. Lakini hapa tuko wawili. Uliponiita mwizi wa password tulikuwa wangapi?"

Nikanyanyuka, nikamuaga.

Jumatano mkuu wa mradi alipofika, watumishi wote tumekaa chumba cha mikutano, niliomba kusema kwanza. Nilisimama nikasema: Leonard hakuchungulia mtu. Programu yangu ndiyo ilimfungulia. Mimi nilijua saa ya mashine ni mbovu na sikusema, na mimi ndiye nilimtaja hapa ndani.

Leonard alirudishiwa kazi palepale. Mkuu akaniuliza kama nina la kuongeza, nikasema sina.

Nilichojifunza wakuu, na hasa nyie vijana mnaoandika app siku hizi: programu yako isiiamini saa ya mtu. Saa ya simu inachezewa, inakufa, inarudi nyuma. Kama uhai wa kitu unategemea tarehe, muulize aliyekipa hiyo tarehe kwamba kwake leo ni lini. Na test yako usiifanye tu kwenye mashine uliyoiandaa kwa mkono wako mwenyewe.

Na mtumiaji akikwambia "ilikuja yenyewe", kabla hujacheka, kaa chini umsikilize.

Nawasikiliza na nyie sasa. Nani humu ameshawahi kumlaumu mtu kumbe kosa liko kwenye kazi yake mwenyewe? Na ulilisemaje mbele ya watu? Wataalamu wa code nao, kama mnaona ile dawa yangu ya saa ya seva ina tundu, ipasueni tu, ngozi yangu imeshakomaa.