Kitambaa Chekundu cha Viti vya Nyuma

Mshona viti hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Ndipo nahodha mstaafu wa ndege akamwita karakanani avivue vitambaa viti vya ndege kongwe ya mapangaboi mawili. Nahodha na wenzake walikuwa wameinunua imezama majanini hadi tumboni, nao walitaka ipae tena.

"Taratibu na huo mkasi, dada," alimwambia. "Humo kuna watu wengi."

Kweli walikuwamo. Juu kulikuwa na plastiki ya kijivu ya mwenye mali wa mwisho, tajiri aliyeitumia kutembeza wageni wake. Kwenye nyufa za sakafu, mshona viti akaokota manyoya ya manjano.

"Vifaranga!" akacheka nahodha, aliyewahi kuirusha enzi hizo. "Viti viling'olewa vikatupwa ghalani, tukabeba vifaranga. Walinishinda kelele mimi na injini zote mbili."

Chini ya plastiki kulikuwa na kitambaa cha buluu cha kampuni ya kwanza ya abiria. Lakini viti vya nyuma vilikuwa na nguo nyingine katikati ya buluu na plastiki: nyekundu, nzito, nzuri.

"Hii ya nani?"

Nahodha akakuna kichwa. "Abiria, vifaranga, tajiri, majani. Nyekundu siijui."

Basi swali likamganda mshona viti kama kupe. Nyumbani akawa anakatia vitunguu mezani badala ya kwenye ubao, mumewe akamtania, "Mke wangu, sema tu kama umeolewa na ndege."

Kesho yake alikigeuza kile kitambaa chekundu ndani nje. Kila mshono ulimalizwa kwa fundo maradufu, ncha ikafichwa upande wa kushoto. Yeye mwenyewe alifunga hivyohivyo. Alifundishwa na shangazi yake.

Akamkuta shangazi uani, anachambua maharage.

"Shikamoo, shangazi. Umewahi kushona viti vya ndege?"

"Marahaba. Nimeshona vingi, hukuniuliza." Alikishika kitambaa, akakisugua shavuni. "Ah, yule mama mwenye ndege! Alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa mbao. Aliinunua ili watu wa bara wafike mjini bila kukwama matopeni. Nikamwambia nyekundu inachafuka, akasema abiria mwenye hofu apate pa kutuliza macho. Tulianzia nyuma, maana waoga hukaa nyuma."

"Na mbele?"

"Mbele hatukufika. Barabara ilitiwa lami, abiria wakahamia mabasi. Akaiuza ndege, akarudi kwenye mbao zake. Hakulia, lakini alinipa kitambaa kilichobaki nikashonee mapazia."

"Na wewe ulipanda?"

"Nani, mimi? Niliishona tu."

Nahodha aliposikia habari hizo alikaa juu ya kopo la rangi. Kisha akaamua: viti vya mbele viwe buluu, vya nyuma vyekundu.

Siku ndege ilipojaribiwa na abiria, shangazi alipandishwa ngazi huku akilalamika kuwa ni nyembamba. Hakutazama dirishani. Alibonyeza kiti kimoja kimoja, akapitisha kidole kwenye mishono ya mpwa wake.

"Hapa umevuta uzi mno," akasema.

"Nitafumua, shangazi."

"Ufumue nini, na watu wanawasha injini? Kaa, ufunge mkanda."

Wakakaa viti vya nyuma. Ndege ikatikisika, ikakimbia, ikainuka. Shangazi alikuwa ameushika mkono wa mpwa wake kwa nguvu zote, akiikodolea macho nyekundu ya kiti cha mbele yake.

"Yule mama," akanong'ona, "alijua alichokuwa anasema."