Barua Iliyokwama Kwenye Printa

Walimu walimwita Mama Wino, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na saba alikuwa karani wa shule, na printa kuukuu iliyokaa kando ya dirisha ilimsikiliza yeye peke yake. Alijua karatasi zipi inazitema na ipigwe kibao wapi ili iamke. Mtu mwingine akiigusa, ilinuna.

Kisha wifi yake, kitinda mimba kwa kina mumewe, akaajiriwa kwenye meza ya pili. Mwezi haukuisha. Walimu walianza kumpita Mama Wino kwa salamu ya juu juu, wanakwenda kuinama kule. "Dada, hebu niangalizie hiki." Nyumbani nako mume akasema, "Mdogo wangu ana kichwa, eh?"

"Eeh," alijibu, akikwangua sufuria mpaka likalia.

Jumatatu asubuhi, mitihani ya darasa la saba ilitakiwa saa nne. Mama Wino akabofya. Kimya. Akazima, akawasha. Akachomoa kopo la wino, akalitikisa, akalirudisha. Akafuta rola kwa kitambaa chenye unyevu. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Taa ya kijani ilimkodolea macho tu, kana kwamba haijui lolote.

Mwalimu mkuu akachungulia mlangoni. "Bado? Mwite basi wifi yako."

"Namaliza sasa hivi, mwalimu."

"Ulisema hivyo nusu saa iliyopita."

Hakuhitaji kumwita. Wifi alikuwa ameshasimama. "Pole, wifi. Umeijaribu yenyewe, bila kompyuta?"

Wifi akabonyeza kitufe kimoja juu ya printa, akakishikilia. Mashine ikakohoa, ikatoa karatasi ya majaribio, herufi safi kabisa.

"Hii nzima. Tatizo liko huku." Akaketi mbele ya kompyuta ya Mama Wino, akafungua orodha ya kazi zinazosubiri kuchapwa.

Mtihani ulikuwa wa pili kwenye orodha. Juu yake, tangu Ijumaa, ilikwama barua moja: *Ombi la kumhamisha karani mpya*.

Mama Wino alihisi masikio yakiwaka. Aliiandika kwa hasira, akabofya, umeme ukakatika palepale. Alidhani imepotea na umeme.

Wifi aliisoma ile mistari. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Niifute, au itoke kwanza?"

"Futa."

Printa ikaanza kunguruma. Mwalimu mkuu aliporudi akapiga makofi. "Usingekuwepo wewe, binti, tungeumbuka!"

"Ni wifi aliyeisafisha yote," alisema yule, akimwonyesha Mama Wino. "Mimi nimebonyeza tu."

Hilo ndilo lililomchoma Mama Wino kuliko yote. Afadhali angesemwa mbele za watu, ange­kuwa na sababu ya kumchukia. Sasa hata kwa wema alikuwa ameshindwa. Alihesabu nakala za mtihani, akakosea, akahesabu upya.

Mchana, ofisi ilipobaki na wao wawili, alishindwa kuvumilia. "Mbona hukumwambia?"

"Barua ni yako, wifi. Ukitaka, iandike tena. Ila uniambie mimi kwanza, nimekukosea nini?"

Mama Wino akatafuta kosa. Akatafuta hata moja dogo la kutamka kwa sauti, akalikosa.

"Siku hizi hawaniiti," alisema mwishowe, akaona aibu kama mtoto.

Wifi hakucheka. Alisogeza kiti chake, akapisha nafasi mbele ya kompyuta. "Njoo nikuonyeshe ile orodha inakofunguliwa."

Alikwenda. Roho ilimuuma kila vidole vyepesi vya wifi vilipopita juu ya vitufe, na hakujilazimisha kutabasamu. Lakini aliuliza mara mbili pale alipopotea, na mara ya tatu akaifungua mwenyewe.