Nataka Kurusha Ndege, Lakini Nyanya Amekataa Kunibariki

Jumapili, Oktoba 2007

Mhariri, tafadhali lifiche jina langu na la shule yangu. Mengine yote nitayasema jinsi yalivyo, hata yale yanayoniaibisha.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha pili katika shule ya bweni karibu na Kitale. Nyumbani ni upande wa Sirisia, kwa nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kukhu. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa mchanga, kwa sababu mama yangu anauza nguo sokoni Ndalu na huja nyumbani mara mojamoja.

Muhula huu mwalimu wa fizikia alitupeleka kwenye uwanja mdogo wa ndege. Tulidhani rubani ni yule mwanamume mrefu aliyekuwa akishusha masanduku ya dawa. Kumbe rubani alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele za kusuka, amekaa kwenye kivuli cha bawa akila mahindi ya kuchoma. Aliniruhusu nikae kwenye kiti chake. Sikutaka kushuka.

"Ati rubani?" rafiki yangu alinicheka nilipomwambia nataka kazi hiyo. "Wewe unayeogopa kulala kitanda cha juu? Bana, abiria wataomba washukie Webuye!"

Nilimuuliza yule rubani kama kazi yake ni nzuri. Hakunidanganya. "Ukiupita Mlima Elgon asubuhi, mawingu yakiwa chini yako, utamshukuru Mungu kwa kukupa macho," alisema. "Lakini Krismasi watu wakila kuku, wewe uko uwanjani unangoja mvua iishe. Masomo yake ni ghali. Daktari akikupata na kasoro, huruki tena. Na mamangu mpaka leo hajazoea."

Likizo ya katikati ya muhula nilimwambia Kukhu. Alikuwa akipepeta maharagwe. Akaweka ungo chini.

Hapa lazima nieleze jambo. Mjomba wangu, kitindamimba wa Kukhu, alikuwa baharia. Meli yao ilizama na mwili wake haukupatikana. Kwetu mtu haachwi hivihivi bila kaburi la nyumbani, kwa hiyo wazee walikata shina la mgomba, wakalivika suti yake, wakalilaza ndani ya jeneza na kulizika kama mtu. Nilikuwa mdogo, nikamuuliza mama mbona tunauimbia mgomba. Alinifinya mkono.

"Watu waliimba, wakala, wakaenda kwao," Kukhu aliniambia. "Mimi ninayejua kilichokuwa sandukuni ndiye niliyebaki. Sasa wewe unataka kwenda huko juu, mahali pasipo hata tawi la kushika. Ukianguka, wataniletea nini?"

"Kukhu, ndege hazianguki ovyo. Hata barabarani watu hufa."

"Wa barabarani huletwa nyumbani."

Akauokota ungo wake, akaendelea kupepeta.

Kila ninaporudi shuleni, Kukhu hunibariki: huchukua maji mdomoni na kuninyunyizia kifuani, akiwataja wazee wetu waliotangulia, kisha humalizia kwa jina la Yesu. Safari hii alinifungia njugu, akanisindikiza hadi langoni, akasema tu, "Haya, nenda." Nilisimama nikangoja. Akageuka, akaanza kufukuza kuku ambao hawakuwa wamekosa chochote.

Nilipompigia mama simu, alinisikiliza hadi mwisho. "Mimi sina pingamizi," akasema, "lakini Kukhu ndiye aliyekulea. Akikataa, mimi nitasema nini?"

Kabla ya kufunga shule tutachagua masomo ya kidato cha tatu, na anayeiacha fizikia hairudii tena. Bila fizikia, urubani umekwisha. Nikiichagua, Kukhu atajua, maana sijawahi kumficha kitu. Nikiiacha, pengine nitakuwa mwalimu, nitalala karibu na nyumbani, naye atalala usingizi. Kazi hiyo haina ubaya. Lakini najua kila ndege itakapopita nitainamisha kichwa nisiione. Wakati mwingine najiuliza kama hii ni tamaa tu. Nilikaa kwenye ndege iliyosimama. Nani ajuaye kama nitaipenda ikiwa hewani? Tena naogopa. Si kuanguka ninakoogopa sana, bali kuondoka siku moja bila yale maji kifuani.

Nawaomba msiniambie tu nifuate moyo wangu, kwa sababu moyo wangu uko pande zote mbili. Nishaurini, hasa ninyi mama na nyanya mnaosoma ukurasa huu, na mnijibu kabla hatujafunga shule: mtoto uliyemlea akikuomba jambo unaloliogopa namna hii, ni neno gani angekuambia, ukakubali kumbariki aende?