Nilichokifanya Kwenye Mahame ya Wafalme

Nilivuka mpaka kutoka Burundi mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikaja Kasulu kujifunza cherehani. Watu wakijisifu wamesoma nje ya nchi, na mimi nimo, ingawa kwetu niliishia la tatu na huku nje nilichosomea ni kola na mifuko. Kola ilinishinda. Tuyaache.

Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kwanza ziliharibika, kwa hiyo hii hata ndoo ya maji nilikuwa siinui.

Jumapili moja mwanafunzi mwenzangu, binti wa Kiha, akanipeleka Heru Juu kuona mahame ya wafalme wao wa zamani, mahali walipotambikia. Bibi anayepatunza akatufungulia. Nilitegemea kuta. Hakuna. Ua wa wafalme ulikuwa wa miti ya kuchomeka, nayo ikachipua ikawa mikubwa, chini yake giza mchana. Kwetu ipo kama hiyo, na hatuisogelei.

Mkojo ukanibana. Mwenye mimba anajua. Nikachuchumaa nyuma ya mti mmoja, na nilipoinuka nikaona vyungu vidogo vya tambiko miguuni pangu, vimelowa.

Mwenzangu akaviona. "Dada, umewakojolea wazee."

"Nyamaza."

"Mimi nitanyamaza. Wao je?"

Tukaondoka bila kumuaga bibi. Kuanzia jioni ile mtoto hakucheza. Nikanywa maji ya sukari, nikalala ubavu huu na huu, wapi. Siku ya tatu nikarudi peke yangu, nikapiga magoti mbele ya bibi, nikapiga makofi taratibu kama Waha wanavyomsalimia mkubwa, nikasema yote.

Akacheka. "Wake wa mfalme waliishi humu, mwanangu. Unadhani walikuwa wanakojoa wapi?"

"Mtoto hachezi, bibi."

Kicheko kikakatika. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Siku tatu unawaogopa waliokufa, na aliye tumboni hujampeleka kwa mkunga? Inuka."

Akanisindikiza mwenyewe hadi hospitali. Mkunga akaniwekea tumboni ile pembe ya kusikilizia, akainamisha sikio. Akaihamisha. Akaihamisha tena. Bibi alikuwa amenishika mkono, kucha zake zikaniingia. Kisha nikaona midomo ya mkunga inahesabu, bila sauti, na mimi nikaanza kulia, kwa sababu mtu hahesabu kitu ambacho hakipo.