Kona Kumi na Moja za Mama Ernestine

Saa moja kasoro asubuhi, mvua ndiyo kwanza imekatika, na Ernestine Mwayuma anatembea kwenye njia ya mlima macho ameyatupa chini kama mtu aliyepoteza sindano. Jembe liko begani, kitenge amekikaza kiunoni, miguuni ana viatu vya mpira. Kila baada ya hatua kadhaa anainama, anaweka kiganja udongoni, anasimama, anaendelea.

"Hapa maji yalipita, yakatoka," anasema, akionyesha majani yaliyolala upande wa bondeni. "Hayakukaa hata kidogo. Iko muzuri."

Tuko Mlima Kabukungu, ndani ya hifadhi inayosimamiwa na vijiji, katikati ya Wamaza na Salamabila, wilayani Kabambare. Chini yetu mawingu yamelalia msitu, na kwa mbali Mto Luama unaonekana kipande kwa kipande. Mahali pazuri, usisikie la kuambiwa. Lakini mama huyu wa miaka arobaini na saba hana habari na uzuri huo asubuhi ya leo.

"Hiyo nimeiona tangu nizaliwe," anasema. "Leo naangalia chini tu."

Ana sababu. Saa tatu anakuja François, mkuu wa walinzi wa hifadhi, kuamua kama baiskeli za mizigo zitaendelea kupita kwenye njia hii au zitafukuzwa. Hifadhi imepata wageni wapya, vijana wa Kindu wanaopanda milima kwa baiskeli kwa ajili ya mchezo tu, na tangu mwezi uliopita kuna maneno kwamba njia itakuwa yao peke yao. Inasemekana mizigo ndiyo inayochimba udongo. Baiskeli nyepesi haziharibu kitu.

Ernestine aliposikia maneno hayo alikula nusu sahani ya wali, akaisukuma pembeni. Njia hiyo ni kazi ya mikono yake.

Kwa asiyejua, huku baiskeli, au kinga kama wenyewe wanavyoiita, haipandwi. Inasukumwa. Unafunga fimbo ndefu kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, unaning'iniza madumu sita ya mawese ya lita ishirini ishirini, halafu unatembea upande wa kushoto ukiishika kwa fimbo hizo. Ni zaidi ya kilo mia. Mawese yanatoka Wamaza, yanakwenda Salamabila kwa wachimba dhahabu, ambao hawalimi lakini wanakula kweli kweli.

Kwa barabara ya chini, wakati wa mvua, safari hiyo ni siku tatu za tope. Kupitia mlimani ni siku moja. Wasukumaji wapatao sitini wanaitegemea njia hii, na kwa kila dumu linalofika salama wanalipwa faranga elfu sita. Ukiwarudisha barabarani, wiki inayowapa safari tatu itawapa moja.

André, mume wa Ernestine, alisukuma kinga kwa miaka kumi na tisa. Goti la kulia likagoma. Leo anaziba matairi nyumbani, na akisimama lazima ashike ukuta. Alipoacha yeye, mkewe akaishika fimbo.

"Watu walicheka mpaka wakachoka," Ernestine anakumbuka. "Mwanamuke na kinga! Nikawaambia, muzigo haujui kama wewe ni mwanaume ao mwanamuke. Muzigo unajua kama umekula ao haujakula."

Wakati huo njia ya mlimani ilikuwa ile ya zamani ya wabeba mizigo kichwani, iliyopanda moja kwa moja hadi kileleni. Mwenye mzigo kichwani hupenda njia fupi. Maji nayo huipenda hiyo hiyo. Mvua zilipoanza, yakashuka humo kwa kasi, yakachimba mtaro uliomfika mtu magotini, na udongo wote ukaishia kwenye kijito ambacho vijiji viwili vinachota maji. Walinzi wa hifadhi wakaifunga. Walikuwa na haki, na Ernestine anakubali hivyo bila kusitasita.

Wasukumaji waliitana kikao, wote wanaume. Ernestine akaingia, akakaa mbele. Yeye ni mkulima wa mpunga, maji ameyachezea tangu utotoni.

"Niliwaambia, maji ni kama mugeni. Ukimuonyesha mulango wa kutoka, atatoka kwa heshima. Ukimufungia, atavunja nyumba. Tuzungushe njia, ipande pole pole kwa kona, na kila kona tuyape maji mulango."

Walibishana saa nzima. Mmoja akamwambia arudi kwenye mpunga wake. Akajibu kwamba anarudi, ila siku njia yao itakaposombwa wasije kumwomba mchele. Mwishowe wakakubali, na kazi ikafanywa kwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kila Jumamosi. Watu arobaini na watatu walishika majembe, masururu na mapanga kwa miezi saba. Zikatoka kona kumi na moja.

Na hapo Mama Ernestine akakosea. Tena kosa lenyewe la aibu, na ndiye anayelisimulia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alikuwa akipima upana wa njia kwa kupitisha baiskeli. Ikipita na mtu pembeni yake, inatosha. Lakini Jumamosi, siku ya salongo, hakuna kinga inayofungwa mzigo, kwa hiyo alipima na ile ya mumewe, iliyokuwa tupu. Hakuna aliyeshtuka. Watu arobaini na watatu, nusu yao wasukumaji wa miaka mingi, wakaitazama kinga tupu ikipita kona zote kumi na moja, wakapiga makofi!

Siku ya kufungua njia, mzigo wa kwanza ulikuwa wa Aicha, mfanyabiashara wa Kasongo anayenunua mawese huku. Msukumaji alifika kona ya saba, dumu la kando likagonga ukingo wa mlima, kinga ikasukumwa kuelekea bondeni. Mtu aliruka akapona. Madumu sita yakabingirika, manne yakapasuka, na mawese yakatiririka mlimani mekundu.

"Nililia," anasema Ernestine. "Si kidogo. Nilikaa chini palepale nikalia mbele ya watu. Kisha nikasimama nikasema, kosa ni langu, kinga tupu ni muongo. Kuanzia leo tunapima na kinga yenye kushiba."

Walipanua tena kila kona, wakipima na baiskeli iliyofungwa madumu sita yaliyojaa maji. Ilichukua miezi miwili mingine. Na Aicha? Wengi walidhani hatakanyaga tena Kabukungu. Badala yake alileta mzigo wa pili, akadai Ernestine mwenyewe ausukume.

"Aliyekuangusha akakiri, huyo umshike," anasema Aicha, ambaye naye amepanda mlima asubuhi ya leo kushuhudia. "Wanaojificha ndio watakumaliza."

Saa tatu na robo François anafika na walinzi wawili. Ni mtu mrefu, mwenye maneno machache na daftari kwapani. Nyuma yake yuko Dady, kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Kindu, amevaa kofia ngumu na anaendesha baiskeli ya matairi manene ambayo wasukumaji wanaizunguka kuitazama kama bibi harusi. Ni kijana wa adabu. Anamwamkia kila mama kwa mikono miwili.

"Mama Ernestine," anaanza François, "njia yako ni nzuri. Hilo sibishani. Lakini mimi nalinda mlima. Kilo mia na ishirini juu ya tairi jembamba, udongo utavumilia?"

"Shefu, usiniulize mimi," anajibu. "Uliza udongo. Mvua imenyesha, udongo iko laini, leo hautaficha kitu. Huyu kijana ashuke na yake, na mimi nishuke na yangu. Kisha wewe upime alama."

Minong'ono inapita. Wasukumaji wawili wanatikisa kichwa, maana udongo ukiwa hivi wao wenyewe hungoja. Aicha anaangalia madumu yake sita yaliyokwisha kufungwa kwenye kinga ya Ernestine, anamwita kama dada yake mkubwa, "Yashushe, Yaya. Yako mikononi mwako."

Dady anatangulia. Anashuka kama mshale, na ukweli usemwe, inapendeza kutazama. Kona ya kwanza safi. Ya pili na ya tatu, safi. Kona ya nne anakuta kasi imemzidi, anabana breki, gurudumu la nyuma linakwama na kuburuzika, linalima. Anafika chini salama, anacheka, kisha anapanda tena kwa miguu na kuona alichokiacha. Ni mfereji wenye urefu wa panga, na kina cha vidole vinne. Kicheko kinakatika.

"Ni mimi, Shefu," anasema kabla hajaulizwa. "Sikujua breki inachimba hivi."

Sasa ni zamu ya Ernestine. Anavua viatu vya mpira, anashika udongo kwa vidole vya miguu. Mkono wa kushoto uko kwenye fimbo ya usukani, wa kulia kwenye fimbo ya nyuma, na mwili wote ameuegemeza kinyume na mteremko. Kinga haishuki kwa breki. Inashuka kwa mgongo wa mtu. Anatembea hatua fupi fupi, akiongea nayo chini kwa chini kwa Kibangubangu, na mwandishi wenu anayemfuata nyuma anasikia anavyohema.

Kona ya saba tairi la mbele linateleza. Mtu mmoja anapiga ukelele. Ernestine anapiga goti moja, mshipa wa shingo umemtoka, anaizuia kinga kwa bega. Dumu la kando linaelekea kwenye ukingo wa mlima, linaupita bila kuugusa. Nafasi iliyobaki ni ya kidole kimoja. Anasimama, anavuta pumzi, anaendelea hadi chini.

François hafurahi wala hakasiriki. Anapanda na kushuka njia nzima akiwa na kijiti, anachoma kwenye alama za tairi, anaandika. Wasukumaji wamekaa kwenye majani. Ernestine amekaa mbali nao, na hataki maji ya kunywa.

"Nilikuwa na woga," atasema baadaye. "Si wa kuanguka. Wa kuingia nyumbani na kumuambia André njia imefungwa. Yeye alitoa goti lake kwa huu mulima. Ningeanzia wapi?"

Hatimaye François anafunga daftari. "Alama ya mzigo ni kidole kimoja, sawa njia nzima, isipokuwa kona ya saba, vidole viwili," anasema. "Alama ya mgeni haionekani, isipokuwa kona ya nne, vidole vinne. Lakini Mama, leo mmepita mmoja mmoja. Wakipita sitini?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na kila mtu pale analijua. Ernestine anainuka.

"Shefu, mvua kubwa ikinyesha, muzigo usipite mpaka mutu akanyage na maji yasijae ndani ya alama ya muguu wake. Miye leo nimepita kwa sababu umetaka kuona. Kesho singepita. Na kila Jumamosi, mwenye kupita iko na jembe. Ukimukosa kwenye salongo, muzuie wewe mwenyewe. Sitamutetea hata akiwa mutoto wangu."

François anafungua tena daftari. "Na wageni?"

"Wao si watu? Wanapita, wanachimba, watengeneze."

Wasukumaji wanaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza mkuu wa walinzi anatabasamu. Anaandika akiwa amesimama, kisha anasoma kwa sauti: njia iko wazi kwa wote, mizigo na wageni, kwa masharti ya Mama Ernestine. Wageni watashuka kwenye baiskeli na kutembea kona ya nne na ya saba. Anayeitumia njia, anaitengeneza.

Vigelegele vinapigwa mpaka ndege wanaruka. Aicha anamkumbatia Ernestine, anamwambia jambo sikioni, wote wawili wanapangusa macho. Msukumaji mmoja amekwisha kuteremka mbio kwenda Wamaza kumpasha André habari, akipiga kelele njia nzima.

Ernestine hakai sana kwenye furaha. Anaonyesha upande wa mashariki, ambako baada ya Kabukungu kuna mlima mwingine, ambao mizigo bado inauzunguka kwa nusu siku nzima. Anataka njia ipite huko pia. Amehesabu kona kumi na nne, na mikono arobaini na mitatu haitoshi kumaliza kabla ya mvua zijazo.

Dady, ambaye amerudi kona ya nne na kuufukia mfereji wake kwa mikono mitupu, anasogea akipangusa tope. Anasema mwezi ujao atarudi na wenzake ishirini wa Kindu. Anauliza kwa heshima walete nini.

"Majembe, mwanangu," anasema Mama Ernestine. "Kinga tunazo."