Karatasi Niliyomtafsiria Ayeeyo

Ayeeyo, nyanya yangu mzaa mama, alitia kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali kukatwa mguu, huku mimi nimemwambia ni karatasi ya kuoshwa kidonda.

Nilikuwa na miaka kumi. Hadi leo nikinusa spiriti ya hospitali, kiganja changu hukumbuka joto la kidole kile chenye wino, maana ni mimi niliyekishika nikakielekeza.

Mama alikuwa nyumbani Waberi, amejifungua juzi yake. Abti, yaani mjomba, alikuwa njiani kutoka Tarbaj. Nikabaki mimi, mwanafunzi wa darasa la nne, bingwa wa Kiswahili wa ukoo mzima.

"Mwambie nyanya yako," daktari alisema, "mguu umeoza. Tusipoukata leo, atakufa."

"Anasema nini huyo?" Ayeeyo akaniuliza kwa lugha yetu. "Mbona amekunja uso kama ngamia aliyenyimwa chumvi?"

Kwetu habari ya namna hiyo haitolewi na mtoto. Hungoja mwanamume mzima wa ukoo aketi, anywe chai, aombe dua, ndipo aseme. Nilidhani abti angewahi. Nikajibu, "Wanataka kukiosha kidonda, Ayeeyo."

Walimchukua saa sita mchana. Abti alifika baada ya alasiri.

Alipozinduka, Ayeeyo alipapasa shuka pale mguu ulipokuwa, akapapasa tena. Hakulia. Aligeukia ukutani.

Jamaa walipouliza kwa nini hakuambiwa, abti ndiye aliyenitetea. "Msimlaumu, wallahi! Kukata, kukataa, kukatia, lugha gani hiyo? Hata mwalimu wake inamchanganya."

Watu wakacheka kidogo. Tangu siku hiyo kisa husimuliwa hivyo nyumbani: mtoto alichanganya maneno. Nami nikakiacha hivyo. Sikuchanganya hata moja. Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba desturi ilinipa tu mahali pa kujificha. Niliogopa kuuona uso wa Ayeeyo akisikia.

Ayeeyo aliishi miaka sita zaidi kwa magongo, wala hakuwarudia mbuzi wake. Tulipokwisha kumzika, mama alinieleza jambo nisilolijua: kabla sijazaliwa, Ayeeyo aliuza maziwa sokoni kwa watu wa bara wasiojua lugha yetu, akibishana nao kwa Kiswahili asubuhi hadi adhuhuri.

Huenda alimwelewa daktari, akanipa kidole chake akijua. Huenda Kiswahili chake kiliishia kwenye maziwa. Miaka sita nilimletea maji ya kutawadha kila alfajiri, na sikumwuliza alijua nini siku ile.