Neno Langu la Ng'ombe

Juzi kule Nyamwaga nilimsikia mtoto akimfokea ng'ombe aliyeingiza mdomo kwenye mahindi ya watu: "Hurubii!" Ng'ombe akatoka. Nikamwambia dereva wa bodaboda asimame, maana neno hilo nililitunga mimi.

Nilikuwa msichana mdogo, kijijini kwetu Matongo, nachunga na kaka yangu Mwita. Kila nikiwalambisha ng'ombe chumvi nilikuwa naimba "hurubii", basi tu, lilinikaa vizuri mdomoni. Mwita akanicheka. "Hilo siyo neno. Kikurya halimo, Kiswahili halimo." Nikaogopa, maana nilidhani maneno yanatolewa na serikali, na ukitoa lako unafungwa.

Mchana ule mvua ilikuwa imenyesha, mavi ya ng'ombe yananukia kote, dume letu kubwa kama kanisa likavamia shamba la jirani yetu, mama Bhoke. Mwita alilichapa mpaka fimbo ikavunjika. Lenyewe linatafuna tu, na sisi tulishaanza kukisikia kiboko cha baba mgongoni. Nikaona heri jela. "Hurubii!" Dume likanijia mbio, ulimi nje, likitafuta chumvi.

Mama Bhoke akanitazama. "Umeliambiaje hilo?" Kesho yake alikuwa anawaita mbuzi wake hivyohivyo.

Sasa yule mtoto wa Nyamwaga akanipa shikamoo. Nikamuuliza neno lile kalitoa wapi.

"Si ndivyo ng'ombe wanavyoambiwa, mama? Tangu zamani."

Nilirudi kwenye bodaboda nimevimba hadi dereva akalalamika amekosa pa kukaa.